Gunia la Pemba Chini ya Kitanda

Mvua ya kwanza ya mwaka ikinyesha, wenzangu ofisini hufungua madirisha na kuvuta pumzi ndefu, wakisema hakuna harufu tamu kama ya udongo uliolowa. Mimi hufunga langu. Wanadhani naogopa mafua, nami nimewaacha waendelee kudhani hivyo, kwa sababu mwanaume wa umri wangu anayevaa sweta katika jiji la Dar es Salaam hana heshima kubwa ya kulinda. Ukweli ni kwamba harufu hiyo niliwahi kulala nayo chumba kimoja. Ilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya gunia, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu aliyeitamani kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote maishani.

Mwezi uliopita simu yangu iliita nikiwa nakula chakula cha mchana. Sauti ya msichana ikaniamkia kwa adabu, kisha ikasema, "Mimi ni Limi, wa Kalangalala." Niliweka kijiko chini. Limi wa Kalangalala alikufa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, mchana, na wakati anakufa mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali nikikandamiza pamba kwenye mkono. Msichana aliendelea kwa upole, kama mtu aliyezoea kueleza jambo hilo. "Limi mdogo, baba. Yule mtoto. Nimekupigia kukuambia kuwa bibi ametutoka. Namba yako nimeikuta kwenye simu yake, ameiandika Dokta." Sijawahi kuwa daktari. Nilijaribu kuwaeleza watu wa Geita jambo hilo kwa mwaka mzima, na kumbe nilishindwa.

Nilifika Geita mwaka ule nikiwa na shahada ya lishe ambayo bado ilinukia wino, na imani kwamba matatizo mengi ya binadamu yanatokana na kutojua vyakula vya kundi gani anapaswa kula. Nilikuwa msaidizi katika utafiti wa vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito. Swali letu lilikuwa rahisi. Vidonge vya kawaida vya kliniki vina madini chuma; vilikuwa vimetengenezwa vidonge vipya vyenye madini hayo pamoja na vitamini nyingi; je, vipya vinaongeza damu kuliko vya zamani? Wajawazito waliokubali kushiriki waligawanywa makundi mawili, kila mmoja akapewa vyake. Kazi yangu, baada ya miaka yote ya chuo kikuu, ilikuwa kukaa nyuma ya meza kwenye kituo cha afya na kuhakikisha vimemezwa mbele ya macho yangu. "Fungua mdomo. Nyanyua ulimi. Asante, mama." Hiyo ndiyo sentensi niliyoisema zaidi ya nyingine yoyote mwaka ule.

Nilipanga chumba Kalangalala, kwa Mama Limi. Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi za udongo, bati juu, vyumba vikitazama uani, na kuta za katikati hazikufika batini, kwa hiyo usiri wetu ulikuwa wa macho tu. Nilijua nani amekohoa, nani amenuna, na nani amerudi kutoka machimboni na kitu mfukoni au bila kitu. Chumba cha jirani aliishi Limi, binti wa mwenye nyumba, na mumewe Juma, mchimbaji aliyetoka Kigoma akifuata dhahabu kama nusu ya watu wa mtaa ule. Asubuhi Mama Limi alitupa chai na michembe iliyochemshwa, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, pamoja na karanga. Jioni tulikula uani ugali na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wote sinia moja, huku Mama Limi akinisukumia minofu kwa sababu, alivyosema, msomi gani anaonekana mbavu. Alikuwa mwanamke wa Ushirombo, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliokwisha vuka mto. "Mwangaluka, Dokta!" alinisalimu kila alfajiri nje ya mlango, na kama sikuitika alirudia mpaka mtaa mzima ukaamka.

Limi alikuwa na ujauzito. Mimba mbili za kwanza hazikukaa, na nyumba nzima iliishi kama watu waliobeba beseni lililojaa maji hadi ukingoni. Alikuwa mshiriki wa utafiti wetu, tena mwaminifu kuliko wote. Hakukosa siku hata moja ya kliniki, akameza, akafungua mdomo, akanyanyua ulimi kabla sijamwambia. "Hivi Dokta," aliniuliza siku moja mbele ya foleni nzima, "chuo kikuu chote kile walikufundisha kuchungulia midomo ya wake za watu?" Foleni ilicheka mpaka muuguzi akatoka kuangalia. Lakini jioni, juu ya ukuta, nilisikia sauti yake nyingine. "Safari hii atakaa, si ndiyo?" Juma akajibu. "Kule duarani, shimoni, hakuna anayesema dhahabu ipo mpaka aishike. Mimi sisemi." "Basi sema uongo," Limi akamwambia. "Atakaa," Juma akasema.

Vidonge vya madini chuma vina tabia ya kuchafua tumbo. Wanawake walitoka kwenye meza yangu wameshika vifua, wengine wakitema mate njia nzima, na wiki za mwanzo nusu yao hawakurudi. Aliyeuokoa utafiti alikuwa Mama Limi. Alikuwa anauza pemba, vile vijiti vya udongo uliofinyangwa na kukaushwa juu ya moshi ambavyo wajawazito wa kwetu hutafuna, na alikuwa mtu wa biashara; alipoona wanawake wanatoka getini na kichefuchefu, akahamishia sinia lake pale pale getini. "Meza cha Dokta," alikuwa akiita, "kisha kitulize na cha Mama Limi!" Na kweli kilitulia. Kijiti kimoja, tumbo linanyamaza. Wanawake wakarudi, wakaleta na wenzao. Katika taarifa za kila mwezi nilisifiwa kwa mahudhurio mazuri, nami nilizipokea sifa hizo kwa unyenyekevu wa kujifanya. Jioni Mama Limi alinitania uani: "Dokta, mimi na wewe tuna kampuni."

Katikati ya mwaka damu zikapimwa. Kundi la vidonge vipya halikuwa limepanda. La vidonge vya zamani nalo halikuwa limepanda. Wengine walikuwa wameshuka, na mmoja wa walioshuka alikuwa Limi. Profesa wetu, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kutikisa viti, akapanda basi kutoka Dar es Salaam kuja kuona tunakosea wapi. Alikaa nami mezani asubuhi nzima, akaangalia midomo, akaangalia ndimi, hakuona kosa. Alipotoka kwenda kunyoosha miguu alikuta sinia getini. Nilimwona akichukua kijiti, akakinusa, akafumba macho. "Hii! Nilikula hii mimba yangu ya pili nikiwa Morogoro, usiniambie kitu." Akauma. Akatafuna mara chache. Kisha akageuka kuangalia mlango wa kituo, akaangalia wanawake waliokuwa wakitoka, kila mmoja akinyoosha mkono kwenye sinia, na nikaona mdomo wake umesimama.

Alieleza jambo hilo jioni ile uani, akiwa amekalia kigoda kilichokuwa kidogo kwake, na alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kusikia darasani. Udongo ukifika tumboni hushika madini chuma yanayotoka kwenye kidonge, unayakumbatia, unatoka nayo. Mwili hauoni kitu. Na mtu aliyepungukiwa damu ndiye hutamani udongo zaidi, kwa hiyo anakula, anapungukiwa, anatamani, anakula. Tena udongo wa huku, akaongeza, unachimbwa karibu na mialo ya kusafishia dhahabu. Mungu ndiye anajua una nini kingine. Mama Limi alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Limi alisimama mlangoni kwake, ameegemea, kwenye kona ya mdomo ana vumbi jekundu.

"Mama yangu alikula," Mama Limi akasema. "Na mimi nilikula, nikamzaa huyu. Mbona yuko?"

"Yuko, mama," Profesa akajibu. "Ila wewe ulikuwa na damu ya kutosha kupoteza. Yeye hana."

Mama Limi aligeuka akaniangalia mimi, si Profesa. "Kwa hiyo Dokta, miezi yote hii mimi na wewe tumekuwa tunavutana kamba. Na kamba yenyewe ni mwanangu."

Kesho yake sinia halikuwapo getini. Wanawake walimuuliza pemba imekwenda wapi, naye akawajibu kwamba imekwenda kwa aliyeiumba. Hawakuteseka sana; muuzaji mwingine alifika kabla ya mwisho wa wiki, na tulipomwomba aondoke alihamia ng'ambo ya barabara, ambako kila mtu alimwona vizuri zaidi. Nyumbani lakini kulibaki gunia zima, nusu limeshafinyangwa. Mama Limi hakuweza kulitupa. Kwao chakula hakitupwi, na ingawa kichwa chake kilikuwa kimemwelewa Profesa, mikono yake ilikuwa bado inauona ule udongo kuwa chakula. Akatafuta mahali ambapo binti yake hangeweza kufika, akapapata. Mke wa mtu haingii chumba cha mpangaji mwanaume, mwenyewe awepo au asiwepo; kwa Limi mlango wangu ulikuwa umefungwa vizuri kuliko kwa kufuli. Mama Limi aliliburuta gunia mwenyewe mpaka chini ya kitanda changu. "Hapa hata akifa hataligusa," alisema. Nimeikumbuka sentensi hiyo kuliko alivyokusudia.

Kuanzia hapo nililala juu ya mvua. Sijui niseme vipi zaidi. Chumba kilinukia kama dakika ile ya kwanza matone yanapogonga vumbi, asubuhi na jioni, wakati nje kulikuwa na kiangazi na vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, likielea juu ya mtaa. Shati langu lilinukia mvua. Chai yangu ilinukia mvua. Na kwa kuwa kuta hazikufika batini, harufu ilipanda, ikapita juu ya ukuta, ikashuka kwa Limi. Sisi wataalamu wa lishe hatukulifikiria hilo.

Nilishikwa na malaria wiki chache baadaye, nikalala mchana kutwa, na ndipo nikaanza kusikia panya. Walikuwa wanakwaruza ndani ya ukuta, chini, usawa wa kitanda, polepole, wanaacha, wanaanza. Homa ilipopungua niligeuka upande huo. Kipande kidogo cha udongo kilimeguka ukutani kikaanguka sakafuni. Kisha kingine. Halafu kikatokea kidole. Kilikuwa cha kahawia, chembamba, ukucha umejaa vumbi, na kilijikunja taratibu kama kinachouliza njia.

"Limi," nikasema.

Kidole kikasimama. Sauti ikaja kupitia tundu, karibu na sikio langu, ya chini kabisa. "Dokta, hujaenda kazini?"

"Naumwa. Unafanya nini?"

"Nipe kidogo tu. Gunia liko hapo, nalijua. Kipande kama ukucha."

"Siwezi, Limi. Unajua kwa nini."

"Najua. Mimi nilikuwepo Profesa akisema." Nikasikia anameza mate. "Wewe unadhani sijui? Najua kuliko nyinyi. Yeye namhisi anacheza humu, mkono mmoja nimemshika yeye, na mkono huu mwingine unachimba. Siuambii uchimbe. Unachimba wenyewe."

Ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo ule ule. Alikuwa akila njia nzima ya kufikia gunia.

Nilimwambia Mama Limi jioni hiyo hiyo. Hakumgombeza mtu. Kesho yake alilitoa gunia, akalibeba kichwani mchana kweupe kama mtu anayekwenda kisimani, akalimwaga chooni, kijiti kwa kijiti, na nilisikia akiomba msamaha, sijui kwa nani. Kisha akaja kukaa mbele ya tundu upande wa Limi, akaliangalia muda mrefu, akatundika kanga juu yake. Kwa wiki kadhaa tulipigana vita hivyo sote. Mimi nilileta ndimu, karanga mbichi, vipande vya barafu kutoka kwa muuza samaki. Juma alileta maini kila aliporudi kutoka duarani. Limi alitafuna kila tulicholeta, na damu ilipopimwa tena ilikuwa imepanda, kidogo lakini imepanda. Mama Limi alitununulia soda. Tulizinywa uani tukiwa tumesimama, na Limi akasema, "Msinitazame hivyo, sijafaulu mtihani wa darasa la saba," lakini alikuwa anacheka.

Kisha mvua zikaingia. Bati likavuja, kuta zikanyonya maji, na nyumba nzima ikawa pemba. Hapakuwa na gunia la kutupa tena; tungetupa nini, kuta? Nikilala nilisikia mkwaruzo umeanza. Niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukaacha. "Nimeacha, Dokta," alisema. Baada ya muda ukaanza tena, nikagonga, akasema tena, na sauti yake ilikuwa na aibu ambayo sikuwa na haki ya kuisikia. Siku za mwisho niligonga, mkwaruzo ukaacha, ila hakusema kitu.

Uchungu ulimshika asubuhi. Kufika saa za jua kali mtoto alikuwa ametoka, wa kike, analia kwa sauti ya bibi yake. Damu ya Limi nayo ikatoka, na haikuwa nyingi, muuguzi aliniambia baadaye. Mwanamke mwingine angeipoteza ile akaomba uji. Yeye hakuwa na ya kupoteza. Waliuliza nani ana damu ya kumtoshea. Juma alikuwa chini ya ardhi, damu ya ndugu waliopimwa haikulingana, yangu ikalingana. Nilitoa. Katika miezi yote ya kumpa Limi madini chuma, hayo ndiyo pekee ambayo udongo usingeweza kuyazuia njiani, na nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikikandamiza pamba na kulifikiria hilo kwa furaha kabisa, kama mtu aliyetatua hesabu, mlango ulipofunguka. Mfuko wa damu yangu ulikuwa haujaingia kwa Limi hata nusu.

Mtoto alizaliwa jua likiwa kali, na kwa Wasukuma hilo tu linatosha kumwita Limi, jina la jua. Kwa hiyo Mama Limi hakubadilisha jina. Aliendelea kuitwa Mama Limi getini, kanisani, sokoni, na aliitika. Utafiti ulifungwa. Ripoti ilisema vidonge vipya na vya zamani havikutofautiana kwa kiasi cha kutajwa, na kwamba uchunguzi zaidi unahitajika. Udongo ulipata sentensi moja, kuelekea mwisho. Mimi nilirudi Dar es Salaam nikaacha lishe, nikawa mtu wa kuandika makala za magazeti kuhusu mambo ya watu wengine.

Nilichelewa mazishi, yaliyofanyika Ushirombo, nikaenda moja kwa moja Kalangalala. Nyumba sasa imepigwa plasta, ina vigae uani, hata choo cha ndani. Limi mdogo alinipokea mlangoni. Alipiga goti kidogo, "Shikamoo, baba," nami nikaitika marahaba nikiwa natazama pembeni, maana kanga aliyofunga ilikuwa imeinuliwa na tumbo. Alinipa chai na michembe. Hakuuliza habari za safari. Alinipeleka chumbani kwake, kile kile kilichokuwa cha mama yake, na kusogeza kabati.

Ukuta wote umepigwa plasta, isipokuwa sehemu kama ya sahani. Pale tofali za zamani ziko wazi, na katikati lipo tundu. Mistari ya vidole bado inaonekana.

"Fundi alitaka kuziba, bibi akamfukuza," Limi mdogo akasema. "Akasema, hapo ndipo mwanangu alipopita." Akaegemea kabati. "Baba, wewe ndiye uliyekuwa unawapa vidonge?"

"Ndiyo."

"Vilisaidia?"

Ninaweza kulijibu swali hilo kwa saa nzima, nikiwa na ubao. Niliinama. Chini ya tundu, juu ya sakafu iliyofagiwa, kulikuwa na vumbi jekundu, bichi. Ukingo mmoja wa tundu ulikuwa na rangi tofauti na mwingine.

"Vinasaidia," nikasema, "ukivipa nafasi."

"Naomba uzibe," akasema haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Nusu mfuko wa saruji upo stoo. Bibi alikataza, na wakati wa uhai wake sikuweza. Mimi mwenyewe siwezi. Nikikaribia, mkono unakwenda wenyewe."

Sijawahi kushika mwiko wa fundi maishani, na ukuta ule unashuhudia. Saruji haishiki udongo mkavu, kwa hiyo ilibidi kwanza niulowanishe, na nilipomwaga maji ile harufu ikainuka yote, kama vile ilikuwa imekaa pale ikinisubiri. Limi mdogo alitoka mbio uani, kanga ikiwa puani. Kupitia tundu niliona mahali kilipokuwa kitanda changu. Kisha sikupaona tena. Nililainisha kwa kiganja nilivyoweza, nikabaki nimepiga magoti, nikisikiliza, na bila kufikiri nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

Kimya. Nikagonga tena.

"Nipo, baba," Limi akajibu kutoka uani.